Ukitaka kumpata babu yao, mjue kwanza aliyemmiliki

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja Mkenya anayeishi Texas. Ameolewa na Mmarekani Mweusi, kama mimi, na mtoto wao amepewa kazi ya shule: achore mti wa ukoo. Upande wa mama umejaa mpaka karatasi imekwisha. Upande wa baba umekwama kwa babu mmoja aliyezaliwa 1902, na juu yake hakuna kitu, weupe mtupu. Ananiuliza, "Da mkubwa, wewe ulifanyaje?"

Nilikosea miaka miwili, dada yangu. Ndivyo nilivyofanya.

Mume wangu ni mtu wa Durham, North Carolina, lakini bibi yake aliyemlea alikuwa akisema asili yao ni Caswell, kaunti ya tumbaku iliyo mpakani na Virginia. Alifariki 2004, mimi sijaingia bado katika ukoo huo. Aliacha Biblia, na ndani ya jalada, kwa penseli, jina la bibi yake mzaa baba. Jina moja tu, la kwanza. Sitaliandika hapa kwa kuwa ni mali ya familia.

Basi mimi, Mpemba niliyelelewa kwa kuhesabiwa nasaba kila Idi, nikaona hii kazi ndogo. Nikachukua jina la ukoo la mume wangu, nikaenda Caswell, na kweli nikakuta familia kubwa ya Wazungu wenye jina lilelile, wenye mashamba na watumwa. Nikashangilia. Miaka miwili nikawafuata wale watu. Nilijua makaburi yao, nilijua nani alimwoa binamu yake, nilijua mpaka ugomvi wao wa kinu cha kusaga. Na yule bibi wa kwenye Biblia hakuwamo popote.

Kosa langu ni lile wanalolifanya wengi: nilidhani watumwa walioachwa huru walichukua jina la bwana wao wa mwisho. Wengine walifanya hivyo. Wengine walichukua jina la bwana wa kabla yake, au la baba aliyeuzwa zamani, au jina walilolipenda wenyewe. Kwa hiyo usianze na jina, anza na shamba.

Nikueleze kwa nini. Sensa ya kwanza ya Marekani iliyowaandika watu hao wote kwa majina ni ya 1870. Kabla ya hapo, mwaka 1850 na 1860, kulikuwa na orodha ya watumwa peke yake: jina la mwenye mali, kisha chini yake mistari. Mwanamke, miaka 40, mweusi. Mvulana, miaka 6, chotara. Majina hakuna. Sensa hizohizo zilikuwa na orodha nyingine ya kilimo, ambamo farasi wanahesabiwa, ng'ombe wa maziwa wanahesabiwa, nguruwe wanahesabiwa, na tumbaku inaandikwa ratili kwa ratili. Jina la binadamu mara nyingi utalikuta kwenye karatasi za mwenye mali: wosia, mirathi, hati za kuuziana, mikopo aliyoweka watu rehani. Ndiyo maana nasema umjue yule bwana kama unavyomjua mkweo. Mke wake ni nani, watoto wake wangapi, alikufa lini na alidaiwa na nani.

Na zaidi ya wote, wafuate mabinti. Hapa ndipo mimi nilipofunguka macho. Wana walirithi ardhi. Binti alipoolewa mara nyingi alipewa watu. Akiondoka, anaondoka nao, wanahamia shamba jingine chini ya jina jingine, pengine kaunti nyingine kabisa.

Yule bibi nilimkuta kwenye sensa ya 1870, lakini si Caswell. Alikuwa Person, kaunti ya jirani, iliyokatwa kutoka Caswell mwaka 1791. Ana mume, ana watoto wanne, umri wake 29. Nyumba ya pili kutoka kwao anakaa mkulima Mzungu ambaye jina lake sijawahi kulisikia. Nilimpita. Mwezi mzima nilimpita! Halafu siku moja nikajiuliza, mke wa huyu katoka wapi? North Carolina ya zamani bwana harusi alikuwa akiweka dhamana kwa maandishi, na karatasi hizo nyingi zipo. Mke alitoka Caswell. Baba yake alikufa 1850 akaacha wosia, na mirathi yake ipo kwenye mtandao wa FamilySearch, bure kabisa, unahitaji tu kujiandikisha.

Mambo ya katikati nayaruka, yanachosha: ni kusoma miandiko ya makarani wenye haraka mpaka macho yanatoka maji.

Ile karatasi niliifungua saa saba za usiku, nimetoka zamu, kiatu kimoja bado mguuni. Ni orodha ya mali ya marehemu iliyofanywa na majirani watatu. Viti sita. Kitanda na godoro lake. Jembe la kukokotwa. Farasi jike mwekundu, dola 60. Mstari unaofuata, mwandiko uleule, wino uleule, anaanza mwanamume, dola 700, na chini yake watu wengine 13. Wa tisa ni yeye. Jina la kwenye Biblia, herufi kwa herufi, "msichana wa miaka 9", dola 350. Na wa mwisho kabisa ni bibi kizee, ambaye mbele ya jina lake karani ameandika sifuri. Si kwamba alisahau. Ameichora sifuri vizuri, akaifunga.

Mimi kazi yangu hapa Marekani ni kuhudumia wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza usiku wasipate vidonda. Usiku ule nilikuwa nimetoka kumgeuza mama wa miaka 91. Ile sifuri sikuweza kuiacha, nikamwamsha mume wangu. Akaisoma, akanyamaza, kisha akaanza kuyataja majina yale 14 kwa sauti, mmoja mmoja, kama mtu anayeita mahudhurio darasani.

Sasa kuna jambo lazima niliseme, hata kama limepita. Kizazi cha yule mkulima kipo. Mama mmoja wa ukoo huo ameandika historia ya familia yao, kazi safi, imepangwa kuliko yangu, na wosia huo ameunakili. Mimi nilikuwa na wosia wa asili, naye ana nakala yake. Ardhi ipo, ng'ombe wapo, samani zipo, hata saa ya ukutani ipo. Watu hawapo. Aya nzima ameiruka, akaunganisha sentensi ya juu na ya chini kama fundi cherehani. Nilimwandikia kwa adabu, nikamwomba aiongeze. Akanijibu kwa adabu vilevile kwamba zama zilikuwa nyingine, na wazee wao wakisoma wataumia.

Wataumia! Nilikaa na neno hilo siku nyingi, na leo bado linanikereketa. Waswahili tumesema mficha uchi hazai. Huwezi kuandika nasaba ukachagua. Ukijivunia ratili za tumbaku, sema nani aliichuma. Kaunti ya Caswell yenyewe inajivunia kwamba tumbaku ya manjano, iliyokuja kutajirisha sehemu ile yote, ilianzia shambani kwa mkulima wa huko, Abisha Slade, mwaka 1839. Kijana mtumwa aitwaye Stephen, inasimuliwa, alisinzia akilinda moto wa kukaushia, akashtuka unazimika, akatupia makaa ya moto, na majani yakageuka rangi ya dhahabu. Kila mara husimuliwa kama bahati ya msinziaji. Mimi nauliza: anayejua makaa yako wapi na atie kiasi gani, huyo ni mjinga wa moto?

Dada wa Texas, usikate tamaa ukiona majina yamekosewa kwenye hiyo 1870. Fikiria hali. Tarehe 21 Mei mwaka ule, seneta wa jimbo John W. Stephens, Mzungu aliyesimama na Weusi, aliuawa na Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, ndani ya jengo la mahakama ya Caswell, mjini Yanceyville, mchana. Sensa ilianza tarehe 1 Juni. Julai gavana akatangaza kaunti hiyo imo katika uasi. Katikati ya hayo karani anabisha hodi: jina lako nani, wa kwako wangapi, una mali gani? Mimi ningejibu nusu. Kwa hiyo soma jina kwa sikio, usilisome kwa jicho. Tazama umri, tazama jirani. Rudi kwa mwenye shamba. Nimeshasema, na nitasema tena: rudi kwa mwenye shamba, na mabinti zake.

Baada ya kumwandikia yule mama nilijiona shujaa sana. Nikampigia shangazi yangu aliyeko Wete, Pemba, kumhadithia. Akanisikiliza, akasikitika, akasema Wazungu hawa hawana haya. Ndipo likanijia swali ambalo sikulikusudia. Upande wa baba tulikuwa na mikarafuu. Bondeni kulikuwa na nyumba tatu za watu waliokuja kwenye kila harusi yetu na kila msiba, wakachota maji, wakapika, wakala mwisho. Kwenye hesabu ya nasaba siku ya Idi hawakutajwa. Utumwa Unguja na Pemba ulifutwa kisheria 1897, na babu yake baba wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye shamba.

"Shangazi, wale wa bondeni ni nani kwetu?"

"Watu wetu, mwanangu."

"Watu wetu vipi? Ndugu zetu?"

Nikasikia jogoo akiwika nyuma yake, na mtu akiburuta kiti.

"Nimekwambia watu wetu," akasema. "Na hili bando langu, linakwisha."