Kabla ya Kuirusha Kwenye Grupu: Namna ya Kuitunza Video ya Simu Ibaki Kuwa Ushahidi

Msomaji mmoja wa Moshi ameniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nilirekodi mgambo wakimwaga ndizi za mama mmoja nje ya soko, wakamvuta mkono mpaka akaanguka. Nikaituma kwenye magrupu, ikasambaa mji mzima. Simu ilikuwa imejaa, nikaifuta. Sasa wakili wa yule mama anataka video halisi, na mimi nimebaki na ile iliyonirudia kutoka kwenye grupu. Bado inasaidia?"

Marahaba, mdogo wangu. Inasaidia, ila imepungua nguvu. Nitakujibu mwishoni cha kufanya sasa hivi. Kwanza naongea na wengine wote wenye simu mkononi, kwa sababu jambo hili linajirudia Arusha, linajirudia Moshi, na linauma kila linapotokea: mji mzima umeiona video, lakini mbele ya hakimu haina miguu ya kusimamia.

Unapotuma video WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaibana. Dakika moja ya video ya 1080p inaweza kuwa MB 60 hadi 130 kutegemea simu. Anayepokea anapata MB chache tu. Namba ya kibandiko kifuani, sura ya aliyesimama nyuma, sauti ya amri iliyotolewa kwa mbali, vyote vinafifia. Pamoja na hayo, taarifa zilizoandikwa na kamera ndani ya faili, kama saa, mahali na aina ya simu, zinapotea au zinabadilika. Angalia jina la faili. Kamera ya Android huandika kitu kama 20240312_143207.mp4, yaani 12 Machi 2024, saa 14:32 na sekunde 7. Iliyopita WhatsApp inaitwa VID-20240312-WA0004.mp4, na tarehe hiyo ni ya kutumwa au kupokelewa, si ya tukio. Anayepokea kesho atakuwa na tarehe ya kesho. Wakili wa upande wa pili akiliona hilo, anaanza nalo.

Dawa yake ni nyepesi. Ukitaka kumtumia mtu video halisi, usibonyeze alama ya picha. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati, kisha itafute video hapo. Inakwenda nzima bila kubanwa, hadi GB 2. Italamba bando, ndiyo. Tafuta waifai.

Sasa tuje kwenye kurekodi kwenyewe, maana hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Wengi wanakazia macho ngumi tu. Ngumi bila mahali ni ngumi ya popote. Ukishapata tukio, zungusha simu taratibu, sekunde kumi hivi, bila kukata: mabango ya maduka, nguzo za umeme, mnara wa msikiti, halafu upeo wa macho. Sisi wa huku tumejaliwa milima. Ukiwa Moshi mjini ukaelekea kaskazini, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Ukiwa Arusha, Meru iko kaskazini. Umbo la mlima nyuma ya paa linatosha kumwonyesha mchunguzi ulisimama upande gani wa mji, hata kama hajawahi kufika.

Hili limeshafanyika. Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Kameruni ikakanusha. Wachunguzi wa BBC Africa Eye na wenzao wakalinganisha safu ya milima iliyoonekana nyuma na picha za setilaiti, wakafika kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Vivuli vya askari wakitembea viliwasaidia kukadiria msimu. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Yaoundé iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10. Aliyerekodi hakuwa na nia ya kuonyesha mlima; mlima ulikuwepo tu. Wewe unaweza kuukusudia. Mlima ukiwa umejifunika mawingu, kama kawaida yake mchana, rekodi vivuli. Huku kwetu, kusini kidogo ya ikweta, kivuli cha adhuhuri mwezi Juni huangukia kusini, na mwezi Desemba huangukia kaskazini.

Saa nayo ina mtego wake. Tukio la saa nane na dakika 32 mchana, simu inaandika 14:32 kwenye jina. Lakini ndani ya faili ya MP4 muda huwekwa kwa saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Fundi akifungua faili anakuta 11:32. Shahidi anasema saa nane, jina linasema kumi na nne, faili inasema kumi na moja, na asiyejua atadhani ni saa kumi na moja na nusu jioni. Kesi zinayumba kwa vitu kama hivi. Kwa hiyo mwisho wa video sema kwa sauti yako: tarehe, mahali, na saa kwa namna mbili, "saa nane na dakika thelathini na mbili mchana, yaani kumi na nne na thelathini na mbili." Wakati tukio lenyewe linaendelea, nyamaza. Matusi na maoni yako yanafunika maneno ya wahusika, na hayo ndiyo yanayotafutwa.

Ukifika mahali salama, usikate, usiongeze maandishi, usibadilishe jina. Nakili kwa waya kwenda kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi mbili, na moja ikakae nyumba nyingine. Naomba sana msilipeleke jambo hili steshenari. Kompyuta zile hupokea flashi za mji mzima, virusi vimejaa, na faili yako itabaki kwenye deskitopu ya mtu usiyemjua.

Kabla hujamaliza, ichukue hashi ya faili, ambayo ni kama alama ya kidole chake. Kwenye Windows fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, andika certutil -hashfile, acha nafasi, weka jina la faili, acha nafasi, andika SHA256. Utapata mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Kilichomo ndani ya faili kikibadilishwa hata kidogo, mfululizo wote unabadilika. Utume kwa barua pepe kwa wakili siku hiyohiyo, ili tarehe ya kupokelewa iwe imeandikwa na mtu wa tatu. Kisha daftari: nani alirekodi, kwa simu gani, nani alikabidhiwa nakala, lini. Ukurasa mmoja unatosha.

Haya si madoido. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini mahakama ikiupima uzito, inaangalia ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama haukuchezewa. Hapo ndipo daftari na hashi vinapoongea, na wakili atakuandalia kiapo cha kueleza yote hayo.

Upande wa pili wa sheria ni maneno unayoyaweka juu ya video. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mama ameanguka, usiandike amekufa. Andika ulichokiona: mahali, saa, kilichofanyika. Idadi usiyoihesabu iache.

Na sasa naomba tusikilizane vizuri. Yule mama alipoanguka khanga ilimvuka. Ndani ya masaa machache alikuwa stika. Watu wanamtuma chini ya utani wa mpira, na watoto wake wana simu. Aliyerekodi alitaka kumtetea, lakini kwa kuirusha ghafi amemdhalilisha mara ya pili, mbele ya watu wengi kuliko waliokuwepo sokoni. Utu wa mtu ni haki yake kama ilivyo haki ya kutopigwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, imekuja kulinda taarifa za mtu, na picha yake ni mojawapo. Muulize kwanza. Akikataa, video iende kwa wakili, basi. Akikubali, tengeneza nakala ya kurusha: sura yake, watoto na wapita njia vizibwe, na mahali paondolewe kwenye taarifa za faili. Kwa picha, Signal, programu ya ujumbe kama WhatsApp, ina zana ya kuziba nyuso. Kwa video, YouTube Studio inayo, ila kagua kipande kwa kipande, maana mtu akigeuka ukungu humponyoka. Mimi napendelea boksi jeusi kamili kuliko ukungu. Kalamu ya rangi inayopitisha mwanga usiitumie kabisa: mtu akiongeza mwangaza wa picha, kila kitu kinarudi. Ile halisi usiizibe chochote.

Anayedhani kutunza rekodi ni kazi ya wazungu wa mahakama aikumbuke Arusha yake. Hapa hapa, tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wakiwemo waliohusika na RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. Kanda za matangazo zilikuwa sehemu ya ushahidi. Zingefutwa ili kupata nafasi, kesi ile ingebaki na kumbukumbu za vichwani tu.

Basi, mdogo wangu wa Moshi. Acha kurekodi na kupakua chochote kwenye simu hiyo. Fungua pipa la taka la galari: Google Photos hushika zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni (backup) kwa siku 60 na zisizohifadhiwa huko kwa siku 30, nyingine nyingi ni siku 30. Ukiikosa, ingia kwenye faili za simu, folda ya WhatsApp Video, ndani yake Sent. Hapo pana nakala uliyoituma wewe, na ni bora kuliko iliyorudi ikiwa imepita mikono kumi. Itoe kwa waya. Pale ulipoituma kwa mara ya kwanza usifute ujumbe, kwa sababu saa ya kutuma inaonekana. Kisha mpigie wakili umwambie ukweli wote, pamoja na kwamba ulifuta na kwa nini, ili liingie kwenye kiapo chako kabla upande wa pili haujaliuliza. Na grupu lile lenye stika, waombe waifute.