Klachi Iliponifia Ruaha Mbuyuni

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Njombe aliniandikia: "Kaka, ule ujuzi wako wa kubadili gia bila klachi nimeushika. Siku hizi nafanya kutwa nzima. Ila namba tatu imeanza kulia na tajiri ameshaisikia." Ujumbe huo umeninyima usingizi. Mimi ndiye niliyewasimulia watu habari hii kwa majivuno, nikaacha yale niliyopaswa kuyatanguliza.

Nilikuwa na Canter iliyosheheni nyanya za Ilula, naelekea soko la Ilala. Tangu asubuhi pedeli ya klachi ilikuwa laini kuliko kawaida. Niliipampu mara tatu ikakaza, nikaondoka. Hilo ndilo kosa langu kubwa, tena si kukosa klachi, ni kupuuza pedeli iliyokuwa inaniambia kitu. Nikaushuka Mlima Kitonga nayo hivyo hivyo, namba mbili, nyuma yangu semi zimejipanga. Ningelazimika kupangua gia, yaani kurudi namba ya chini, kwenye zile kona na pedeli ikagoma, gari ingebaki frii, injini isiishike tena, mzigo wote uangukie breki. Nikipita pale hata leo mikono inalowa jasho.

Ikafia Ruaha Mbuyuni, kwenye matuta. Nilikanyaga, pedeli ikaenda mpaka chini na haikurudi. Utingo akaingia uvunguni akakuta oili inachuruzika kwenye silinda ya chini, ile iliyo ubavuni mwa gia boksi. Mpira wa ndani umekwisha. Spea hakuna, jua linazama, na nyanya hazijui kesho. Nikampigia tajiri. Akasema, "Jitahidi mzigo ufike." Yakumbukeni maneno hayo.

Kuondoka ni hivi. Zima injini, weka namba moja, hakikisha mbele hakuna mtu wala gari, kisha piga selfu. Selfu yenyewe ndiyo inayolisukuma gari. Litaruka, litatetemeka, kisha injini itashika na unakwenda. Fanya hivyo sehemu tambarare au yenye mteremko kidogo. Mpandoni ukiwa na mzigo utaunguza selfu bure. Na magari mengi mapya hayakubali selfu mpaka pedeli ikanyagwe.

Kupanga gia kunataka sikio. Unaachia mafuta kidogo tu, mpaka usikie gari halisukumi wala halivuti. Hapo meno yamelegea, na gia inatoka kwa vidole viwili. Ikiwa frii, subiri mzunguko wa injini ushuke mpaka ulingane na gia inayofuata. Chukua mfano wa gia boksi ambayo namba tatu ina uwiano wa 1.5 na namba nne 1.0: ukitoa tatu kwenye mzunguko 2,400, nne itapokea kwenye 1,600. Egemeza mkono kwenye gia, usisukume. Mizunguko ikikutana, gia inamezwa yenyewe. Kupangua ni kinyume chake, yaani ukiwa frii unapiga resi kidogo injini ipande, ndipo unaingiza. Kupangua ndiko kugumu. Mimi nilikosea mara nne kabla ya Mikumi, na kila mara ule mlio uliniingia mpaka kwenye meno.

Barabara ile inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mwendo unaoruhusiwa humo ni 50 kwa saa. Nilikaa namba tatu karibu njia yote, macho kwenye vichaka. Nyati walivuka na ikabidi nisimame. Kusimama nako kuna utaratibu: toa gia mapema gari likiwa bado linatembea, ndipo ukamate breki. Ukichelewa injini inazimika kwa kishindo.

Kilichonitesa hasa ni mizani ya Mikese. Foleni inasogea hatua mbili, inasimama. Kila kusogea ni kuzima, namba moja, selfu. Utingo alitembea kando na gogo la kuzuia tairi. Mwishoni betri ilikuwa inaguna na selfu inatoa harufu ya kuungua. Lakini alfajiri niliingia Ilala, na nyanya ziliuzwa zote. Nilijiona dereva kuliko madereva.

Fundi alipofungua gia boksi, pete ya namba mbili, ile ya shaba inayolinganisha mwendo gia inapoingia, ilikuwa imelika. Tajiri akanikata mshahara wa miezi miwili. Hakutaja ile simu, na hakuna aliyesema ahsante kwa mzigo. Inaniuma hadi leo, siwezi kuficha. Lakini ninyi niwaambie ukweli wote: pete ile haikulika usiku mmoja. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa naufanya mchezo huu kila siku kumuonyesha utingo mkono wangu.

Vijana mnawatazama madereva wa Freightliner za Marekani wakipanga gia bila kugusa klachi, mnadhani gari ni gari. Malori yale mengi yana gia boksi za Fuller, ambazo hazina zile pete za shaba za kulinganisha mwendo. Dereva wake analinganisha kwa sikio na mguu, na klachi anaihitaji zaidi wakati wa kuondoka na kusimama. Canter yako ina pete. Kila unapokosea, zenyewe ndizo zinazosuguliwa, na zikiisha, hata ukikanyaga klachi vizuri gia italia. Jifunze, ndiyo, gari likiwa tupu, kwenye barabara isiyo na watu, mara chache, mpaka sikio lishike. Halafu acha. Usiguse jambo hilo mlimani, wala ukiwa na abiria.

Na wewe wa Njombe, namba tatu haitapona kwa kuinyamazia. Kesho mwambie tajiri kabla fundi hajamwambia. Atakukaripia, lakini atakuwa amelisikia kutoka kwako. Kisha fungua kopo la oili ya klachi. Ikiwa imepungua, ingia uvunguni uangalie silinda ya chini kabla hujawasha gari.