Lushoto mwezi wa saba: msighairi kwa sababu ya ukungu

Dada, umeuliza kama mghairi safari ya Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, mwezi wa saba, kwa kuwa shemeji yako alikwenda mwaka jana akarudi na picha za ukungu mtupu, na safari hii mnaye baba ambaye magoti yanamsumbua. Mimi nimekwenda mara nne, mbili kati ya hizo katika baridi hiyo hiyo. Nendeni.

Wengi hukosea kwa kufika Irente, mwamba wa kutazamia bonde karibu na mji wa Lushoto, kukuta weupe, kupiga picha mbili na kugeuza gari. Nami nilifanya hivyo safari ya kwanza. Safari ya pili nilikuwa na mke wangu na mama mzazi. Tulifika saa tatu asubuhi, na mbele ya ule mwamba hapakuwa na kitu kabisa, ungedhani dunia imeishia pale. Nikataka kuondoka. Mama akasema, "Tukae." Tukakaa juu ya jiwe na chupa yetu ya chai. Tulianza kusikia kabla ya kuona: jogoo, kisha honi ya lori, zote zikitoka chini kule. Baada ya saa moja na nusu hivi ukungu ukachanika mahali pamoja, na kwenye tundu hilo ikatokea mistari ya mashamba ya mkonge ya Mazinde, karibu mita 1,000 chini ya miguu yetu, na barabara kuu nyembamba kama uzi. Tundu likajiziba. Likafunguka jingine upande wa kushoto, tukaona nyika inayokwenda hadi macho yanachoka. Nimeiona Irente siku ya jua pia, yote kwa mara moja, lakini ninayoisimulia hadi leo ni ile iliyokuja vipandevipande.

Ukungu wenyewe una sababu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukigonga milima ya Usambara hauna pa kwenda ila juu. Ukipanda unapoa, na mvuke unageuka matone. Ndiyo maana mtakuwa mnatoka jasho Mombo, kule chini ya milima, na mkishapita Soni njiani kupanda kila mtu anatafuta sweta. Na kwa kuwa upepo hautulii, ukungu nao hautulii. Usiulize "leo kuna ukungu?" Muulize mwenyeji "leo unanyanyuka saa ngapi?" Atakujibu vizuri kuliko simu yako.

Siku ambayo haunyanyuki kabisa, hiyo ndiyo siku ya kwenda msitu wa Magamba. Lipeni kiingilio, chukueni mwongozaji, ingieni taratibu. Mle ndani utadhani mvua inanyesha, kumbe ni majani yananasa ukungu na kuudondosha, tone kwa tone, na udongo unakunywa. Sehemu ya maji ya vijito vinavyoshuka mashambani mwa Wasambaa inatokana na matone hayo. Kuvumwani, zile nyuzi zinazoota kwenye miti, zinaning'inia matawini kama ndevu. Mbega hutawaona mapema, utawasikia wakinguruma, halafu mkia wenye ncha nyeupe utapita juu yako.

Usiku ombeni mwongozaji awatafutie vinyonga. Kinyonga akilala rangi yake hufifia, kwa hiyo tochi ikimpiga anang'aa kwenye kijani. Ila kwenye ukungu msivae tochi kichwani, mwanga unarudi machoni na huoni kitu. Ishikeni chini, usawa wa kiuno. Hili nililijua baada ya kujikwaa sana.

Kwa baba: asilazimishwe kutembea. Kuna shamba la Kanisa la Kilutheri kule kule Irente, wanauza jibini, jamu na mkate wao mweusi. Mwacheni akae pale na chai ya moto wakati ninyi mnakwenda mwambani. Sokoni mjini nako ni pazuri siku yoyote, mboga za Lushoto hazihitaji jua ili zionekane.

Sasa barabara, hapa sitanii. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 30 za kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Dereva mmoja tuliyemkodi alianza kuovateki karibu na Soni huku haoni hata mita 20 mbele. Tulimsimamisha, tukashuka na mizigo yetu, tukasubiri gari jingine. Mkatae mapema, msione aibu. Pandeni mchana, taa ziwe za chini, maana taa kali zinapiga ukungu na kumrudia dereva. Na pale Irente ukingo ni wa ghafla, watoto washikwe mkono hata kama inaonekana kuna ardhi mbele.

Mzee mfungashieni masweta mawili. Moja litalowa.