Cherehani ya kushonea viraka: usilipie stichi usizozihitaji

Tangu nianze kushona mablanketi ya viraka vya vitenge, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, hela yangu ndogo, ninunue cherehani gani?" Jibu langu huwaudhi wengi kidogo, maana huja wakiwa wameshapenda picha ya mashine nyeupe yenye stichi hamsini. Mimi huwaelekeza kwenye ile nyeusi ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, iliyokaa barazani kwa fundi.

Blanketi la viraka, au kwilti kama wengine tunavyoliita, lina matabaka matatu: viraka juu, kitu cha kuleta joto katikati, na kitambaa kizima chini. Toka unapounganisha kiraka cha kwanza hadi unapomaliza ukingo wa mwisho, stichi unayoitumia ni moja tu, iliyonyooka. Zigizaga, maua, matundu ya vifungo, vyote hivyo utavilipia na havitakusaidia. Kinachotakiwa ni stichi zinazolingana, meno yanayovuta kitambaa bila kuyumba, na sindano isiyogoma inapokutana na unene.

Kulingana huko si pambo. Kwenye gauni mshono ukizidi milimita moja, mwili unasamehe. Kwenye viraka hesabu inajikusanya. Chukua mstari wa viraka 12: una mishono 11, na kila mshono unakula kitambaa pande mbili. Ukizidisha milimita 1 kila upande, mstari mzima umepungua milimita 22, na ule wa jirani ulioshonwa sawasawa hautakutana nao hata uuvute vipi. Ndiyo maana naipenda mashine inayokwenda taratibu na kunyooka kuliko inayokimbia. Nafasi ya mshono tunayotumia, yaani toka mshono hadi ukingo wa kitambaa, ni robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Pima kuanzia pale sindano inaposhukia, bandika selotepu ya rangi kwenye bati la mashine iwe mwongozo wako, basi. Kuna mguu, kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, maalumu wa robo inchi unaouzwa kwa kazi hiyo; waachie wenye nafasi.

Tuje kwenye ile nyeusi. Mitaani kwetu utakutana zaidi na Singer za zamani na Butterfly ya kutoka China. Butterfly nyingi za kukanyaga zimefuata muundo wa Singer namba 15, na faida iko hapo: bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), kesi ya bobini na sindano ni zile za kawaida ambazo duka la vifaa vya mafundi halikosi. Fundi naye ameshazifungua nyingi mno, hivyo hatajifunzia kwako. Singer yenye herufi K baada ya namba, kama 15K, ni ya kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Muuzaji akikuapia kwamba ni mpya, unacheka tu na kuendelea kuikagua. Uzee wenyewe hauna neno. Chuma kile kikitunzwa na kupata mafuta kinashona miaka na miaka.

Mtego uko kwenye Singer kongwe zaidi, za namba 27, 28, 127 na 128. Bobini yake ni ndefu na nyembamba, na inakaa ndani ya shato lililochongoka kama risasi. Zinashona vizuri sana, lakini siku bobini ikipotea utazunguka mji mzima. Kwa hiyo vuta bati la chini uangalie bobini kabla hujagusia habari ya bei. Nyingi za zamani pia hazina rivasi, yaani hazishoni kurudi nyuma. Hilo lisikutishe, kwa sababu mishono ya viraka hukatizwa na mishono mingine juu yake, na hiyo ndiyo inayoifunga isifumuke.

Kichwa na meza mara nyingi huuzwa mbalimbali. Ukibanwa na hela, nunua kichwa kizuri kwanza, meza ya mtumba utaipata baadaye. Usifanye kinyume. Meza iliyopakwa vanishi mpya imewauzia watu vichwa vibovu vingi.

Unapokwenda kujaribu, beba vitambaa vyako mwenyewe. Muuzaji atakupa kipande cha pamba nyepesi mara mbili, na hapo kila cherehani duniani inashona vizuri. Mimi naingia na mfuko wenye vipande viwili vya kitenge vya sentimita 50 vilivyolingana kabisa, na kiraka kilichounganishwa kwa vipande vinne kikiwa tayari na blanketi jepesi na kitambaa cha chini. Kwanza nashona vile viwili pamoja toka mwanzo hadi mwisho bila kuvivuta. Nikifika mwisho na kile cha juu kimebaki kinaning'inia, najua meno yanavuta cha chini na mguu unakikwamisha cha juu. Huwa naomba skrubu ya kukandamiza mguu, ile ya juu kabisa ya kichwa, ilegezwe kidogo, narudia. Tofauti ikiisha, vizuri. Isipoisha, naangalia meno kama yamesagika.

Halafu nashona kile kinene, nikipita pale katikati mishono minne inapokutana. Hapo ndipo utajua. Sindano ikiruka stichi, au gurudumu likinata na kutaka kusukumwa kwa mkono, naaga. Nageuza upande wa chini niangalie uzi: vifundo vifundo vikionekana chini, kwanza tutie uzi upya na kurekebisha tensheni, yaani mkazo wa uzi, maana si lazima mashine iwe na kosa. Mwisho nashika sindano niitikise. Ikicheza cheza pamoja na chuma chake, mashine imechoka.

Jambo moja kuhusu za umeme, kwa sababu limeunguza mashine za watu nikiwa nashuhudia. Soketi zetu zinatoa volti 230 hadi 240. Mashine ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 110 hadi 120. Ndugu akikutumia cherehani kutoka Marekani, au ukiokota ya Kijapani kwenye mitumba, soma kibandiko kilicho karibu na pale waya unapoingia kabla hujachomeka. Ikiandikwa 100 au 120 peke yake, utahitaji transfoma, na bei yake iingize kwenye hesabu ya mashine. Mara nyingi ile iliyoonekana rahisi inageuka kuwa ghali.

Za umeme mpya za nyumbani si mbaya zote. Kama bajeti inaruhusu, tafuta yenye fremu ya chuma ndani na inayoshusha meno, kwa sababu meno yakishuka unaweza kuzungusha kitambaa kwa mkono na kuchora maua na mawimbi kwa uzi. Lakini hata kwenye ile ya zamani isiyoshusha meno, weka urefu wa stichi sifuri, funika meno kwa kadi ngumu yenye tundu la sindano, na utachora vilevile. Zile ndogo za plastiki za kutumia betri ni za kuchezea watoto.

Watu huniuliza pia kuhusu Juki za kiwandani, maana mitumba yake ipo na bei wakati mwingine inashawishi. Inanyoosha mshono kuliko mashine yoyote niliyowahi kukalia. Tatizo ni mwendo: Juki DDL-8700 inafika stichi 5,500 kwa dakika, na viraka vidogo havitaki mbio hizo. Kama unaitaka kweli, uliza mota. Ile ya zamani ya kachi inazunguka na kunguruma muda wote ikiwa imewashwa, hata ukiwa unapiga pasi, na umeme wa LUKU unaolipia kabla unashuka ukiuangalia. Ya servo inazunguka unapokanyaga tu, na mwendo wake unapunguzwa. Sindano zake nazo ni nyingine, za shina la mviringo, DBx1, haziingiliani na za nyumbani.

Malalamiko yanayokuja baadaye ni kwamba blanketi kubwa haliingii. Kati ya sindano na nguzo ya mashine ya kawaida kuna sentimita 16 au 17 hivi, na blanketi la futi sita kwa sita lililokunjwa linajaa pale na kusukuma mashine. Wenzetu wa nchi nyingine hununua mashine zenye shingo ndefu. Sisi tubadili njia. Shona kila kipande cha mraba na matabaka yake yote matatu kikiwa bado kidogo, kisha unganisha vipande vilivyokwisha na ufunike maungio kwa utepe wa kitenge. Au usishone kabisa: funga vifundo vya uzi mnene kwa mkono kila baada ya sentimita 10. Mablanketi ya namna hiyo yanafuliwa na kuanikwa bila shida, mradi hicho cha katikati ni blanketi jepesi la mtumba na si pamba huru inayokusanyika kwenye kona.

Usimalize hela yote kwenye cherehani. Bakiza ya pasi nzuri, kwa sababu viraka visivyopigwa pasi kila baada ya mshono havinyooki kwa mashine yoyote. Bakiza ya mkasi ambao hakuna mtu nyumbani atakatia karatasi. Sindano nunua namba 14 kwa kuunganisha na 16 kwa kushona matabaka, na ubadilishe ikianza kutoa mlio wa kugonga. Mafuta yawe ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi. Ya kupikia yanaganda ndani, na fundi atakutoza kuyakwangua.