Shangazi, Nimekutana na Staa!

Toleo lililopita tuliuliza swali moja tu la kichokozi: umewahi kukutana na mtu maarufu sehemu ambayo hukutegemea, na ulifanyaje? Nilidhani mtanitumia picha za stejini na za VIP. Wapi! Mmenitumia duka la dawa, bucha, sheli, soko la mitumba. Barua ni nyingi kweli kweli, nimechagua chache na nyingine nimezipunguza maana kuna mtu ameandika mpaka alichokula siku hiyo na bei yake.

Shikamoo shangazi. Mimi niko Mbagala nauza nguo za watoto za mtumba. Juzi kati nilikuwa Ilala pale Karume nachagua mzigo, nikainua macho nikamwona kaka mmoja yuko meza ya pembeni anachagua soksi, sura naijua kabisaaa yaani kama mtu wa kwetu, nikamvamia, kaka za siku nyingi, umepotea, mama hajambo? Akasema mama hajambo, nyie wazima? Nikamwambia wazima, tukaongea pale mambo ya mvua na foleni ya Mbagala, nikamwambia asalimie nyumbani, akaondoka zake. Nimeshapanda daladala ndo akili inanijia, yule si anasoma taarifa ya habari saa mbili usiku! Tangu siku hiyo akitokea kwenye TV nazima kwa aibu, mume wangu anacheka mpaka machozi. Hivi ananionaje yule kaka? *Mama Soksi, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Kwanza washa TV, habari zinakupita.

Halafu usidhani uko peke yako, hili ndo limejaa kwenye barua zote nilizopata, watu wamewakumbatia mastaa wakidhani ni mabinamu. Kuna wataalamu wawili wa saikolojia huko Uingereza, Vicki Bruce na Andy Young, mwaka 1986 waliandika kuhusu jinsi tunavyozitambua sura, na walivyoeleza wao ni kwamba kuijua sura ni hatua moja, kukumbuka huyu ni nani na unamjulia wapi ni hatua nyingine, na jina ndo linafika mwisho kabisa, kuna siku halifiki. Sasa wewe pale Karume kichwa kilishasema huyu wetu, kabla hakijapata nafasi ya kuuliza wetu wa wapi. Na mazingira nayo yalikuponza, umezoea kumwona kavaa suti yuko nyuma ya meza, leo yuko juani kashika soksi, nani angejua.

Tena nyuma zaidi, mwaka 1956, Wamarekani wawili Donald Horton na Richard Wohl walishaliona hili. Walisema mtu wa kwenye redio na TV anatuangalia usoni, anaongea na sisi kirafiki, anatuaga, na sisi taratibu tunamzoea kama jirani, shida ni kwamba mazoea yako upande mmoja tu, yeye hatujui hata kwa dawa. Na hiyo ni enzi za TV ya sebuleni, leo staa unaye kwenye simu unaingia naye mpaka chooni.

Ila mimi aliyenifurahisha ni huyo kaka. Hakukuuliza samahani tunafahamiana, hakuangalia saa, wala hakukwambia yeye ni nani. Kasalimiwa, kaitika. Kwetu huku ndivyo ilivyo, ukiulizwa mama unasema hajambo, hata kama mama alishatangulia mbele ya haki miaka kumi iliyopita. Ndo maana watu wanapouliza kama kumsalimia staa ni shobo nashangaa, salamu haijawahi kuwa shobo, salamu ni haki ya kila mtu na umaarufu haumtoi mtu humo. Shobo inaanza pale unapotaka kitu cha ziada juu ya salamu, picha, namba, wimbo, hela, hapo sasa ni ombi na ombi lina kukubaliwa na kukataliwa.

Anakuonaje? Nahisi wewe ndo mtu pekee siku ile aliyemuulizia mama yake badala ya kumwomba selfi.

Salaam aleikum shangazi. Nafanya kazi duka la dawa hapa Mombasa. Usiku mmoja aliingia mwimbaji mkubwa sana, jina sitaji, amevaa kofia na barakoa lakini ile sauti tu ukisikia unajua ni yeye. Akanunua dawa zake akaenda. Sasa mwenzangu wa zamu alikuwa amempiga klipu kwa simu kichinichini na hadi majina ya dawa yanaonekana, akatuma kwa kundi la WhatsApp la marafiki zake. Nikamwambia hii si sawa, akanijibu yule ni mtu wa watu, akitaka faragha asingekuwa msanii. Nani yuko sawa? *Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Wewe uko sawa, na mwenzako aifute hiyo klipu kabla hajamaliza kusoma hapa.

Hapa sina mzaha. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, haijaandikwa kila mtu isipokuwa wasanii. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na humo habari za afya ya mtu zimewekwa kwenye fungu la zile nyeti zinazolindwa zaidi. Na sisi wa Tanzania tusijione tumepona, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na mambo ya afya nayo humo ni nyeti. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data huko Kenya ilipiga faini klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake, na huyo alikuwa mteja tu wa kawaida aliyeenda kula raha zake, hakukuwa na dawa wala ugonjwa. Sasa fikiria wewe uko nyuma ya kaunta, umevaa koti jeupe, watu wanakuamini na maumivu yao, unatoa simu unarekodi.

Msanii anauza nyimbo. Maleria yake hajaiuza kwa mtu. Na kama klipu imeshatoka nje ya kundi basi mwambieni mwenye duka mapema, maana ikija kulipuka haitauliza nani alikuwa zamu.

Sasa shangazi. Mimi ni makanga, gari yetu inapiga Eldoret na Iten. Kwetu kubeba bingwa wa dunia ni kawaida, analipa fare kama kila mtu na akikosa chenji tunazozana. Shida ni wageni. Juzi abiria mmoja ametoka ng'ambo ameona dada fulani amebeba sukuma na unga kando ya barabara, akaanza kulia ndani ya gari, machozi kabisa, ati yule ana medali ya Olimpiki. Mimi nikamwambia ndio, na mama yake anauza maziwa hapo mbele. Ni sisi tuko na ubaridi ama ni wao wamezidi? *Makanga wa Iten*

Poa mwanangu. Hakuna aliyezidi, ni nyie mmezaliwa mahali pa ajabu mkadhani kote kuko hivyo!

Iten iko juu kiasi cha mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, mapafu yanafundishwa adabu, ndo maana wakimbiaji wanatoka dunia nzima kuja kukimbia kwenye vumbi lenu. Bruda Colm O'Connell alifika kutoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha pale shule ya St Patrick's, mpaka leo jina lake halitenganishwi na Iten, na kijana aliyemnoa, David Rudisha, akaenda London mwaka 2012 akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Huyo mgeni alikuwa macho saa hizo anapiga kelele mbele ya TV, wewe labda ulikuwa unaosha gari.

Na Kaptagat, upande ule mwingine wa Eldoret, ndo kuna ile kambi ya Eliud Kipchoge. Mtu aliyekimbia marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwaka 2019, mtu wa kwanza kushuka chini ya saa mbili, hata kama haikuhesabiwa rekodi rasmi kwa sababu ya jinsi ilivyopangwa, na bado kambini alikuwa na zamu ya usafi kama wenzake, choo kikiwa zamu yake anaosha choo. Sasa wewe umekulia kwenye mazoea hayo utasisimkaje na sukuma wiki?

Ila usimcheke mgeni akilia. Mpe tishu, mwambie Alhamisi asubuhi aende kwenye ule mbio wa kubadilisha kasi, mastaa na wasio mastaa wanakimbia kundi moja, atapata salamu zake humo mpaka achoke. Akiweza kuwafuata, lakini.

Asalaam aleikum bi shangazi. Mie Mzanzibari nipo Uingereza, mji wa Canterbury, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Najua Profesa Abdulrazak Gurnah ni mtu wa huku huku na roho inanambia ipo siku nitakutana nae sokoni. Tatizo bi shangazi sijasoma hata kitabu chake kimoja. Nikimuona nimwambie nini? *Binti wa Ng'ambo*

Waaleikum salaam mwanangu, nimecheka peke yangu ofisini.

Usimwambie umesoma kama hujasoma. Kafundisha fasihi miaka na miaka hapo hapo Chuo Kikuu cha Kent, uongo wa wanafunzi anaujua wote, atakuuliza swali moja tu umekwisha. Msalimie Kiswahili, basi. Huyu ni mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1948, akaondoka kijana mdogo baada ya Mapinduzi, amekaa huko umri wake karibu wote, salamu ya kwenu sokoni ugenini inatosha kuwa zawadi. Na si mtu wa makeke, Oktoba 2021 walipompigia simu kumwambia ameshinda Nobel ya fasihi alikuwa jikoni anataka kuchemsha chai, akadhani ni hawa watu wanaopiga kuuza vitu.

Mkishasalimiana ukiona anasimama ongeza neno, ukiona anaangalia nyanya zake muage. Na kitabu kitafute, riwaya yake ya 1994 imetafsiriwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, inaitwa Peponi, huna kisingizio cha Kiingereza kigumu.

Shangazi shikamoo. Mbunge wetu nilimkuta bucha amesubiri nyama kama sisi. Barabara yetu mvua ikinyesha bodaboda hazipiti, wajawazito wanabebwa. Nikataka kumwambia, mke wangu akanivuta shati, eti mwache mtu na nyama yake. Nilikosea kunyamaza? *Baba Wawili, Morogoro*

Marahaba. Huyu ni tofauti na msanii, huyu kazi aliiomba mwenyewe, alikuja mpaka mlangoni kwako kuiomba. Ungemsalimia, ungesema mheshimiwa barabara ya sehemu fulani imekatika, wajawazito wanabebwa, naomba nikufuate ofisini lini? Nusu dakika. Kinachoharibu ni kumkamata mkono na kuanza historia ya kijiji tangu uhuru huku muuza bucha anauliza mfupa au steki.

Kule Uruguay alikuwepo José Mujica, rais kuanzia 2010 hadi 2015, alikataa kuhamia ikulu akabaki shambani kwake na kigari chake cha Volkswagen cha mwaka 1987, na mwaka 2015 ilisambaa dunia nzima habari ya mtu aliyekuwa anaomba lifti barabarani akashtuka waliomsimamishia gari ni rais na mke wake. Wa kwetu lifti hatuwadai. Barabara tunawadai, ila kwa adabu. Na mke wako naye msikilize kidogo, shati lisichanike.

Shangazi mambo. Kuna jamaa tumecheza nae chandimu mtaa mmoja, tumekula nae mihogo shule, leo ni mchezaji mkubwa ana gari lile lenye tinti. Wiki iliyopita nimemkuta sheli anajaza mafuta, kioo kimeshuka nusu, nikapiga mluzi wetu ule wa utotoni, hakugeuka, akapandisha kioo akaondoka. Kanichunia. Pesa imemharibu, au nakosea? *Winga wa Zamani, Temeke*

Poa winga. Mluzi? Mtu maarufu anapigiwa miluzi kutwa, na inayofuata baada ya mluzi kwa kawaida ni niachie ya soda. Ameshajifunza kutogeuka, kama konda wa daladala anavyojifunza kutosikia naomba chenji. Ungemwita jina la nyumbani, lile la mtaani ambalo magazeti hayalijui, hapo asipogeuka ndo njoo tumseme wote.

Mimi siwezi kukuambia hajaharibika, simjui. Ila sheli, gari nyuma zinapiga honi, kioo nusu, jua kali, huo si ushahidi. Wewe kwao si unakujua? Nenda siku msalimie mama yake, kaa, kunywa maji, ondoka. Habari itamfikia kabla hujafika kituoni. Na ukienda usibebe mchango wa harusi ya mtu!

Nafasi imekwisha. Wale mlionitumia picha za mastaa wamelala kwenye ndege midomo wazi sizitoi, msinisumbue. Toleo lijalo ni wapangaji na wenye nyumba, anzeni kutuma, ila fupi jamani.