Maswali ya Wasomaji: Mtaalamu wa kinga anatafuta nini kwenye kidonda?

Swali. Profesa, pokea salamu zangu. Niko mwaka wa tatu wa udaktari hapa Bukavu na somo la kinga ya mwili limeniteka. Baba yangu mdogo, ambaye ni muuguzi wa siku nyingi, ananiambia kwamba mtaalamu wa kinga hushughulika na chanjo na vipimo vya damu tu, na kwamba anayetaka kuponya vidonda aende kwenye upasuaji. Lakini mhadhiri wetu mmoja alitaja kwa kupita kwamba panya ambao masikio yao huziba matundu bila kuacha kovu waligunduliwa na mtaalamu wa kinga. Mtu wa kinga alifikaje huko? Na aliyesomea hapa kwetu anaweza kuianza njia hiyo? (Mwanafunzi, Ibanda, Bukavu)

Jibu. Binti yangu, baba yako mdogo amekupa mafundisho ya zama zake, na hayakuwa ya uongo, ila yalianzia katikati ya hadithi. Mnamo 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mtaalamu wa wanyama aitwaye Élie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pwani, ambavyo miili yao huonyesha kila kitu kama kioo, na kesho yake akakuta seli zinazotembea zimeuzunguka ule mwiba. Hilo lilikuwa jeraha, wala si ugonjwa wa kuambukiza, na ndilo lililozaa fundisho la seli zinazomeza vitu vigeni. Metchnikoff aligawana Tuzo ya Nobel ya 1908 na Paul Ehrlich, lakini kwa miongo mingi iliyofuata ni upande wa Ehrlich, yaani upande wa kingamwili (protini za damu zinazonasa vijidudu) na seramu, uliotawala maabara na vitabu, na kidonda kikaachiwa madaktari wa upasuaji.

Aliyetajwa na mhadhiri wako ni Ellen Heber-Katz, aliyekuwa katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Marekani. Hakuwa akitafuta uponyaji. Alikuwa akichunguza magonjwa ambamo kinga huushambulia mwili wenyewe, na kwa ajili hiyo alitumia panya wa ukoo uitwao MRL, ambao hujulikana kwa kupata maradhi ya namna hiyo. Panya wa ukoo mmoja wa maabara hufanana mno, kwa hiyo desturi ni kuwatoboa masikio kwa mpangilio maalumu ili kila kundi litambulike. Katika panya wa kawaida tundu hilo la milimita 2 hubaki maisha yote, likiwa na ukingo wa kovu. Baada ya wiki chache, panya wa MRL walikuwa hawana alama tena. Mtu mwenye haraka angedhani kwamba msaidizi alisahau kutoboa, akaamuru watobolewe upya na kuendelea na kazi yake. Heber-Katz aliamua kuyafuatilia matundu yenyewe, akaona kwamba yanajifunga kwa muda wa takribani mwezi mmoja, tena kwa gegedu na vinyweleo vipya, si kwa kovu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998, na tangu hapo uotaji upya wa tishu ukawa kazi yake kuu.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu wengi husimulia lile tundu la sikio kisha wakaiacha miaka iliyofuata, na kazi yenyewe ilikuwa katika miaka hiyo. Mwaka 2010 kundi lake lilionyesha kwamba panya waliokosa jeni iitwayo p21, ambayo huzuia seli zisigawanyike ovyo, nao huziba matundu ya masikio. Mwaka 2015, akiwa sasa katika Taasisi ya Lankenau karibu na Philadelphia, yeye na wenzake waliripoti kwamba katika panya wa MRL protini ya HIF-1α, ambayo seli huitumia kuhisi upungufu wa oksijeni, huongezeka wakati wa kupona, na kwamba dawa inayozuia protini hiyo isivunjwe, ikiwekwa ndani ya jeli na kudungwa chini ya ngozi, iliwafanya hata panya wa kawaida wazibe matundu. Miaka minne baadaye Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Kaelin, Ratcliffe na Semenza kwa kueleza jinsi seli zinavyohisi oksijeni, jambo linaloonyesha kwamba swali la sikio la panya lilikuwa limeangukia kwenye mkondo mkubwa wa biolojia. Si kila dai la safari hiyo lilisimama imara: mwaka 2001 iliripotiwa kwamba moyo wa panya wa MRL nao hujirekebisha baada ya kuumizwa, lakini maabara nyingine zilipojaribu kwa namna nyingine za jeraha hazikuona hivyo. Mimi hulitaja hilo kwa wanafunzi wangu kabla hawajaanza kushangilia.

Sasa, kinga ina mkono gani katika haya yote? Jibu fupi ni makrofaji, zile seli kubwa za kumeza alizozipa jina Metchnikoff mwenyewe. Mwaka 1972 Simpson na Ross waliondoa neutrofili, yaani seli nyeupe za damu zinazotangulia kufika kwenye jeraha, katika damu ya wanyama wa maabara, na vidonda vikaendelea kupona karibu kama kawaida. Mwaka 1975 Leibovich na Ross walifanya hivyo kwa makrofaji, na usafishaji wa kidonda ukachelewa pamoja na ujenzi wa tishu mpya. Ikawa dhahiri kwamba miongoni mwa seli zinazofika kwenye jeraha wapo wanaofagia na wapo wanaoamuru ujenzi. Mwaka 2013 Godwin, Pinto na Rosenthal walikwenda mbali zaidi: waliondoa makrofaji katika salamanda aitwaye aksoloti, mnyama anayeotesha mguu mzima uliokatwa, na mguu haukuota bali palijifunga kovu. Makrofaji ziliporudi na mguu ukakatwa upya, uliota.

Wala usidhani kwamba elimu hii ni ya Marekani peke yake. Panya miiba wa Kenya wana ngozi dhaifu inayochunika wanaposhikwa, kisha hurudisha ngozi hiyo pamoja na manyoya yake. Ashley Seifert na wenzake walilieleza hilo mwaka 2012, na wakaonyesha kwamba tundu la milimita 4 sikioni hujazwa kikamilifu. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba bila makrofaji nao hushindwa. Mwaka huohuo wa 2013 wa aksoloti, maabara ya Diane Mathis huko Harvard, aliyejulikana kwa kazi juu ya jinsi kinga inavyofundishwa isiushambulie mwili, ilionyesha kwamba seli T zile zinazotuliza kinga hukusanyika katika msuli uliojeruhiwa na kuusaidia kujijenga. Utaona kwamba yeye na Heber-Katz walitoka chumba kimoja, chumba cha magonjwa ya kinga dhidi ya mwili, wakafika kwenye kidonda kwa milango tofauti. Mimi sioni ajabu: anayeuliza ni nini kinachoizuia kinga isibomoe, lazima siku moja aulize ni nini kinachoifanya ijenge.

Kuhusu kuanzia Bukavu, sitakudanganya. Mashine za kuhesabu seli kwa miale ya leza zinahitaji umeme usiokatika, na kingamwili za kutia rangi lazima zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 bila kukosa. Nawe unaujua umeme wetu. Lakini swali zuri la kidonda linaweza kuanza na kipande cha tishu kilichowekwa ndani ya nta, rangi mbili za kawaida za histolojia (elimu ya tishu) na hadubini ya mwanga, vitu ambavyo mwenye subira anaweza kuvipata katika mji huu. Malizia udaktari wako, omba nafasi ya uasistanti katika idara ya patholojia au biolojia, jifunze takwimu kabla ya kujifunza mashine, na usome Kiingereza hadi makala za kisayansi zisikuchoshe, kwa sababu Kifaransa pekee hakitakufikisha. Tasnifu ya udaktari wa falsafa huenda ukaifanyia ugenini, angalau nusu yake. Tafuta mapema msimamizi wa huko atakayekubali kwamba sampuli na swali vitoke hapa, maana ukienda mikono mitupu utapewa swali la mwenyeji wako, na ukirudi utakuwa mtaalamu wa kitu ambacho hapa hakuna anayekihitaji. Hapa tuna vidonda vya kuungua, vya kisukari, vya risasi na vya uzazi mgumu, ambavyo maabara nyingi za Ulaya huvisoma vitabuni tu.

Swali. Daktari, sisi katika kituo chetu cha afya tunafunga vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari kwa miezi bila kuona mafanikio. Kila siku tunasafisha kwa Dakin, ile dawa ya maji yenye klorini. Wazee wanatuambia tukiache kidonda wazi kikauke. Wagonjwa wengine huja wakiwa wamekwisha kumeza dexamethasone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, iliyonunuliwa barabarani. Kosa letu liko wapi? (Muuguzi, Ndosho, Goma)

Jibu. Ndugu muuguzi, kidonda cha kawaida huanza na uvimbe wenye joto na wekundu, ambao vitabu huuita mchochota. Neutrofili hufika ndani ya saa chache, makrofaji hufuata siku ya pili au ya tatu, na baada ya kusafisha, makrofaji hizo hubadili tabia na kuita fibroblasti, yaani seli zinazojenga tishu mpya, na mishipa mipya ya damu. Kwa mgonjwa wa kisukari badiliko hilo hukwama: makrofaji hubaki katika hali ya kupigana, damu haifiki vizuri, na neva zilizokufa humfanya mgonjwa akanyage kidonda bila kusikia maumivu. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote punguzeni sukari, kateni nyama iliyokufa, na mwondoeni mgonjwa uzito kwenye unyayo huo. Hili la mwisho hupuuzwa kuliko yote.

Dakin ilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya majeraha machafu, na huko bado ina faida. Kidonda kikishakuwa safi na chekundu, hiyo klorini huua pia seli changa mnazozisubiri. Tumieni maji ya chumvi yaliyotengenezwa kitabibu. Kuhusu kukausha, George Winter alionyesha mwaka 1962 kwa ngozi ya nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya takribani mara mbili ya upesi wa kile kinachoachwa hewani. Nayo dexamethasone huzima mchochota ambao uponyaji unauhitaji, na juu ya hayo hupandisha sukari. Hata hivyo aliyeimeza kwa wiki nyingi asikatishwe ghafla. Apelekwe kwa daktari aipunguze taratibu.

Swali. Daktari, mtoto wangu wa miaka minne amebanwa na mlango, ncha ya kidole imekatika. Jirani anasema itaota, mume wangu anasema ni ndoto. (Mama, Katuba, Lubumbashi)

Jibu. Mama, pole sana. Jirani anaweza kuwa na haki. Cynthia Illingworth, daktari wa watoto huko Sheffield, Uingereza, aliandika mwaka 1974 kwamba ncha za vidole vya watoto zilizokatika mbele ya kiungo cha mwisho huweza kuota tena zikifunikwa tu bila kushonwa, na katika panya imeonekana kwamba jambo hilo hutegemea shina la kucha, na pia makrofaji. Ikiwa shina la kucha limebaki, mategemeo ni mazuri. Ikiwa mkato umepita kiungo, kidole hakitaota. Mpeleke leo hospitalini wakitazame kidole, waone kama mfupa umejitokeza, na waulize kuhusu chanjo ya pepopunda.