Nyuzi Mbili Badala ya Mmoja

*Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu michoro, nakshi na kazi za mikono. Anajibu mwalimu mstaafu wa sanaa, Mikindani.*

Shikamoo Mwalimu. Najifunza kuchonga kwa mjomba wangu hapa Mtwara mjini. Mgeni mmoja wa Ayalandi aliyekuja kupiga mbizi ametuachia oda ya kibao cha mpingo chenye mafundo ya Kikelti, yale ya uzi unaojipinda na kupishana juu na chini, kama kwenye picha aliyoturushia kwa simu. Sharti lake ni kwamba uwe uzi mmoja tu, uzunguke kibao chote bila kukatika. Nimechora mara tatu kwenye karatasi na kila mara zinatoka nyuzi mbili. Halafu jirani ameiona picha, anasema haya ni mambo ya Frimasoni na tutaharibikiwa. Nakutumia mchoro wangu uutazame. — K., Mtwara

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuanzia kwenye karatasi, maana mpingo hauna raba. Mimi niliwahi kuchonga kibao cha nyumba moja ya wageni, herufi S ikatoka imegeuka, na nusu ya malipo yangu iko huko mpaka leo.

Mchoro wako nimeutazama kwa miwani yote miwili. Mkono wako hauna kasoro yoyote, kilichokukwamisha ni hesabu ya shule ya msingi. Nukta ulizozungushia uzi ni nne kwenda chini na sita kwenda pembeni. Sasa kumbuka KKS, kigawo kikubwa cha shirika. KKS ya 4 na 6 ni 2, ndiyo maana unapata nyuzi mbili, na hata ukichora mara mia zitatoka mbili. Ukiweka 3 kwa 6 zitatoka tatu. Weka 4 kwa 7, au 5 kwa 6, ambapo KKS ni 1, na uzi utakuwa mmoja. Jumapili nilijaribu 5 kwa 6 kwa mkaa kwenye saruji ya barazani. Mjukuu wangu akafuata mstari kwa kidole, akapita kila mahali, akarudi alipoanzia na kidole cheusi tii. Mama yake hakufurahi.

Usidhani hesabu hii ni ya Wazungu peke yao. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, alikuwepo profesa wa hisabati, Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014. Alitumia miaka mingi kuchunguza michoro ya mchangani ya Wachokwe wa Angola, inayoitwa sona. Mzee anabonyeza nukta mchangani kwa ncha za vidole, kisha anapitisha mstari katikati yake bila kuinua kidole, huku anasimulia kisa. Kwenye ile michoro ya sona inayofanana na msuko wa mkeka, idadi ya mistari inafuata KKS hiyo hiyo.

Jambo la pili ni juu na chini. Mama yangu alisuka ukili maisha yake yote, na neno lake lilikuwa hilo tu: mwaa ukipita juu, njia panda inayofuata upite chini. Fundo la Kikelti ni ukili uliolazwa kwenye ngozi au jiwe. Kabla hujashika patasi, weka alama ya penseli kwenye kila makutano kuonyesha uzi upi uko juu. Ule wa chini usiukate kwa ghafla kama ngazi. Uteremshe taratibu tangu mbali kidogo, uzame, uibuke upande wa pili. Jicho likikosa huo mteremko linaona vipande vya miti vilivyopangwa, halioni uzi. Na kama picha ya mgeni ina sehemu ambapo nyuzi zinafika karibu kukutana halafu zinageuka kila moja kwake, hapo wamejenga ukuta mdogo kwenye makutano. Ukiweka ukuta, ile hesabu ya KKS inavurugika, kwa hiyo baada ya kila ukuta fuata tena uzi kwa kidole mpaka urudi nyumbani.

Sasa jirani. Mwambie mafundo ya aina hiyo yalipata umaarufu mikononi mwa watawa wa Kikristo. Kazi inayosifiwa kuliko zote ni Kitabu cha Kells, ambacho ni Injili nne kwa Kilatini, kilichoandikwa karibu mwaka 800 kwenye ngozi za ndama. Kimebaki na karatasi 340 za ngozi na kinatunzwa Trinity College, Dublin. Wataalamu wengi wanaona kilianzwa kwenye kisiwa cha Iona, upande wa Uskoti, kwenye monasteri aliyoianzisha Mtakatifu Columba mwaka 563. Mwaka 806 Waviking, maharamia wa kaskazini mwa Ulaya, walivamia kisiwa hicho wakaua watu 68, na watawa wakahamishia makao yao Kells, Ayalandi. Sisi ambao tumewaona Wabenediktini wa Ndanda na kazi zao hatuna haja ya kushangaa mtawa akishika kalamu siku nzima.

Mgeni wako huenda amekwambia fundo hilo maana yake ni upendo wa milele, na lile jingine ni utatu, na lile ni ujasiri. Mchongee, lakini ujue watawa hawakuacha orodha ya maana za mafundo. Nyingi ya orodha hizo zimetoka kwa wauza vito wa siku hizi. Wala kusokota hakukuanza na Wakelti, wale watu wa kale wa Ulaya. Mapambo ya namna hiyo yalikuwepo kwenye sakafu za Warumi na kwa Wakopti, Wakristo wa Misri. Wakelti wa kale wenyewe, wale ambao vyuma vyao vilianza kuokotwa mwaka 1857 huko La Tène, Uswisi, walipenda zaidi mizunguko na majani yanayojipinda.

Kuhusu bei, mjomba wako anajua kuliko mimi. Ila chukueni nusu kwanza.

Mwalimu, nimechumbiwa na kijana anayefanya kazi melini. Ameniletea pete ya fedha yenye mikono miwili imeshika moyo, na juu ya moyo kuna taji. Shangazi yangu ameiona akaniambia niivue haraka, mikono hiyo ni alama ya watu wa siri. Harusi ni baada ya korosho. — Mwali, Lindi

Mwali, mpe shangazi salamu zangu na umtulize. Alama ya Frimasoni inayojulikana ni bikari na skwea ya fundi, na kwenye pete yako hakuna hata kimoja. Hiyo inaitwa pete ya Claddagh. Claddagh kilikuwa kijiji cha wavuvi pembeni ya mji wa Galway, magharibi mwa Ayalandi, na jina lenyewe kwa Kiayalandi maana yake ni ufuko. Kwa hiyo pete yako ni ya watu wa pwani kama sisi, na shangazi akijua hivyo huenda akalegea.

Mikono ni urafiki, moyo ni mapenzi, taji ni uaminifu. Wenyewe wanasimulia kuwa kijana wa Galway, Richard Joyce, alitekwa na maharamia akauzwa utumwani Algiers kwa sonara, akajifunza ufundi huko, na alipoachiwa karibu mwaka 1689 akarudi kwao kutengeneza pete. Sehemu ya hadithi hiyo ni hadithi tu, lakini zipo pete za karibu mwaka 1700 zenye muhuri wake.

Kinachokuhusu zaidi ni jinsi ya kuivaa. Mkono wa kulia, ncha ya moyo ikielekea kwenye kucha, maana yake hujapata mtu. Ncha ikielekea kwenye kiganja, moyo umeshachukuliwa. Mkono wa kushoto, ncha kwenye kucha ni mchumba, na siku ya ndoa unaigeuza. Kwa hiyo kabla ya kubishana na shangazi, tazama kwanza umeivaaje. Isije ikawa hapo Lindi unatangaza kuwa uko huru na kijana wa watu yuko baharini.

Mwalimu, nataka kuchora tatuu ya mizunguko mitatu iliyoungana. Fundi anasema ni alama ya makuhani wa Kikelti na inakinga mwili. Kweli? — Dereva wa bodaboda, Masasi

Mizunguko mitatu maarufu kuliko yote imechongwa kwenye jiwe ndani ya kaburi la Newgrange, Ayalandi, lililojengwa karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo. Ni la zamani kuliko piramidi za Giza, na Wakelti walikuwa bado hawajafika nchi ile. Kaburi hilo lina njia ya mita 19, na siku chache za Desemba jua linapochomoza mwanga wake unapenya kwenye tundu juu ya mlango mpaka chumba cha ndani kabisa, kwa dakika kama 17, kisha giza linarudi. Profesa wa akiolojia, Michael O'Kelly, alikaa humo peke yake alfajiri ya tarehe 21 Desemba 1967 akaushuhudia. Waliochonga mizunguko ile hawakuwa na maandishi, kwa hiyo fundi wako hajasoma popote kuwa inakinga.

Makuhani wenyewe, wanaoitwa wadruidi, jemadari wa Kirumi Julius Caesar aliandika kwamba walikataza mafundisho yao yasiandikwe, na baadhi ya wanafunzi walikaa miaka 20 wakikariri. Mambo ya jandoni, unayajua. Na huyo anayetusimulia alikuwa vitani na watu wao.

Babu zetu wa Kimakonde walichanja nembo usoni, na anayejua akimwona mwenye nembo alijua ametoka wapi. Yako itasema umetoka kwa fundi wa Masasi. Kama bado unaitaka, chora, ni nzuri kwa macho. Ila sindano aifungue mbele yako, na ofa ya kinga usiilipie zaidi.